Huku Hawakusalimu, Ila Wanakuamini: Kwa Treni kutoka Hamburg hadi Budapest

Jumatatu, Hamburg

Mdogo wangu ni muuguzi hapa Hamburg. Likizo yake imeangukia wiki ya mwisho ya Oktoba, nami nimekuja na begi moja na makoti mawili ya kuazima. Tumepatana hivi: yeye anakata tiketi za treni, mimi nalipia malazi, tunateremka nchi moja baada ya nyingine mpaka Budapest. Habari za viza sitazieleza. Aliyewahi kupanga foleni ile anazijua, na asiyewahi sitaki kumkatisha tamaa.

Tulianzia makaburini. Si mahali pa kuanzia matembezi, lakini mtu wa pwani akifika mji huu bila kwenda Ohlsdorf atakuwa na la kujibu kwao. Makaburi haya yalifunguliwa 1877, yana hekta 389, na ndani yake zinapita basi za abiria zenye vituo vyake, mtu anashuka na maua mkononi kwenda kumtembelea marehemu wake. Humo ndimo alimozikwa Bi Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Unguja na Omani, aliyezaliwa 1844 katika jumba la Mtoni. Alipendana na mfanyabiashara Mjerumani, akaondoka kisiwani kwa siri, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka 1867, akaitwa Emily Ruete. Miaka mitatu baadaye mumewe alipata ajali ya tramu ya farasi hapa hapa Hamburg akafa, akamwachia watoto watatu wadogo na lugha ambayo alikuwa bado anajifunza. Alifariki Jena mwaka 1924, majivu yake yakaletwa huku.

Nilisimama pale nisijue nisome nini, maana alikufa Mkristo. Mdogo wangu akaninong'oneza, "Dada, mwamkie tu. Shikamoo inatosha." Tukasema shikamoo wote wawili, tukaenda kusubiri basi.

Kurudi mjini tulipanda treni ya chini ya ardhi, na hapo ndipo nilipopata la kuwaza. Stesheni iko wazi. Hakuna geti, hakuna mlinzi, hakuna kondakta. Unanunua tiketi kwenye mashine, au hununui, unashuka ngazi, unapanda.

"Na wasiolipa?"

"Wapo. Wakaguzi wanapanda wamevaa kiraia kama abiria wengine, treni ikishaondoka ndiyo wanatoa vitambulisho. Ukikamatwa huna, euro 60."

"Na siku wasipopanda?"

"Basi hawakupanda, Dada. Watu wengi wanalipa tu."

Jioni kwenye lifti ya jengo analokaa aliingia baba mmoja wa makamo, akatazama namba za ghorofa kuanzia ya chini hadi ya tano kana kwamba tulikuwa mizigo. Nilipomsalimia aliitikia vizuri tu, tena kwa tabasamu, lakini kuanza asingeanza. Mdogo wangu anawatetea: wakishakuzoea, anasema, hapa Hamburg wanakurushia "Moin" asubuhi, mchana na usiku. Tatizo ni huko kuzoewa.

Jumanne, Hamburg hadi Berlin

Asubuhi tulipita Speicherstadt, mtaa wa maghala ya matofali mekundu ulioanza kujengwa 1883 katikati ya mifereji, na tangu 2015 ni urithi wa dunia. Hapa ndipo kahawa, chai, viungo na mazulia vilipohifadhiwa. Unguja iko ndani ya utajiri wa mji huu kwa namna ambayo wengi wetu hatukufundishwa. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilinunua kauri kwetu kwa shehena na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Yale makombe tuliyokuwa tukiyaokota ufukweni yamejenga nyumba huku.

Treni ya Berlin ina behewa lililoandikwa kabisa kwamba humu ni kimya. Mama mmoja alijisahau akapokea simu, akatazamwa na behewa zima hadi akatoka nje kwenda kuongelea mlangoni. Kisha treni ikasimama porini. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Hapo nikaona jambo ambalo sikulitarajia: watu wakaanza kusemezana. Kijana wa mbele yetu aligeuka kutuuliza tunaunganisha treni wapi, mzee wa pembeni akatoa biskuti, mwingine akasimulia jinsi alivyowahi kulala stesheni. Treni ilipoanza kwenda, kila mtu akarudi kwenye kitabu chake. Mdogo wangu anasema ndivyo ilivyo: treni ikichelewa ndipo Wajerumani wanapofahamiana.

Jumatano, Berlin

Tulikwenda Museum für Naturkunde kumwona mwenzetu wa Lindi. Mifupa ya dinosaria aliyesimama ukumbini, mita 13 na ushee kwenda juu, ilichimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu kila mzigo. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Ilipofika 2007 ndipo wanasayansi walipompa heshima, wakamwita dinosaria mwingine wa huko Australodocus bohetii. Sisi shuleni tulifundishwa Tendaguru kwa mstari mmoja. Boheti hakutajwa kabisa.

Chini ya miguu ya yule mnyama walikuwa wamekaa watoto wa shule wakichora. Mwalimu wao akauliza jambo, watoto wakaitikia kwa pamoja "Afrika!" Mdogo wangu hakuvumilia, akasema kwa sauti, "Tansania!" Ukumbi ukageuka. Mwalimu akacheka, akawarudishia watoto: Tansania. Nadhani ni mara yake ya kwanza kupiga kelele hadharani tangu ahamie nchi hii.

Mchana tulitafuta Brunnenstraße namba 193. Mbele ya mlango, katikati ya mawe ya njia ya miguu, kuna kibamba cha shaba cha sentimita kumi kwa kumi. Vibamba hivi viko zaidi ya 100,000 Ulaya nzima, kazi aliyoianzisha msanii Gunter Demnig: kila kimoja kinatiwa mbele ya nyumba alimokaa mtu aliyeteswa au kuuawa na Manazi. Hiki kina jina la Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904.

Alikuwa mtoto tu alipoingia jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake, askari, katika Vita vya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara yao ambayo haikulipwa. Hakulipwa. Akabaki, akafanya kazi ya kuhudumia mezani, akaigiza kwenye filamu nafasi ndogondogo za Mwafrika wa kupita, na akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila hukumu, akafia humo Novemba 1944.

Nilichuchumaa nikakifuta kwa ncha ya mtandio. Shaba ikifutwa inang'aa haraka. Nilikuwa nikimfikiria amesimama mbele ya darasa la Kijerumani, akiwafundisha watu wazima kuulizana hali, kwa uvumilivu ule tulionao kwa mgeni anayejifunza lugha yetu. Sidhani kuna mwalimu wa Kiswahili anayeanza somo la kwanza pengine zaidi ya salamu. Wapita njia walituzunguka kwa adabu. Hakuna aliyeuliza tunafanya nini, na hapo, lazima niseme, ule ukimya wao nilishukuru.

Usiku, njiani kurudi, nikagundua chupa tupu zimepangwa chini ya mapipa ya taka, hazikutupwa ndani. Kila chupa ya plastiki ya soda ina amana ya senti 25 unayorudishiwa dukani, na asiyetaka usumbufu huiacha nje ya pipa ili mwenye shida aiokote bila kuchokora taka. Hawajuani, wala hawatasalimiana. Lakini mtu ameinama akaiweka chupa vizuri.

Alhamisi, Berlin hadi Prague

Kaa upande wa kushoto. Baada ya Dresden (alikohamia Bi Salme alipofiwa na mumewe) reli inaushika mto Elbe na kuufuata, na kwa muda mrefu dirisha ni majabali ya mchanga yaliyosimama wima, misitu ya rangi ya kutu, vijumba vyenye paa za mteremko vikijitazama majini. Tulikwenda behewa la chakula kwa ajili ya chai, tukabaki huko. Wanapika kweli, na sahani ni za udongo.

Mpaka tuliujua kwa ujumbe wa simu uliotukaribisha Ucheki. Mimi mtu wa Tanga, niliyezoea kushuka Horohoro na begi na kadi ya homa ya manjano mkononi, nilibaki nimeikumbatia pasipoti bure.

Stesheni ya Děčín akapanda bwana mmoja mwenye kofia ya manyoya, akafungua mlango wa chumba chetu cha watu sita, akasema "Dobrý den" akituzungushia macho wote, mmoja mmoja. Wote wakaitikia. Aliposhuka, akaaga. Akaingia mwingine, hivyo hivyo. Nikamgusa mdogo wangu kwa kiwiko. "Umeona?" Akasema ameona, nisianze.

Prague tumepanga chumba Žižkov, kwa bibi mmoja, ghorofa ya tatu bila lifti. Amefungua mlango, amesalimia, kisha ametazama miguu yetu. Pale mlangoni kuna kapu la ndala za kila saizi, za wageni. Viatu vinabaki nje ya sebule. Niseme nini? Tangu niingie Ulaya nimekuwa nikikanyaga mazulia ya watu na viatu vya mvua huku moyo ukinisuta, hatimaye nimefika kwa watu wenye adabu. Tulivua kabla hajamaliza kuonyesha, akafurahi, akatupigapiga mabegani.

Sebule nzima ilinuka msitu. Juu ya kila kipasha joto ametandaza magazeti, na juu ya magazeti uyoga uliokatwa vipande vyembamba kama karatasi, kahawia pembeni na weupe katikati, unakauka. Wacheki wana wazimu wa uyoga. Vuli ikifika familia zinaingia msituni na vikapu, na kila familia ina pembe yake ambayo haiambii mtu. Bibi hajui Kiingereza, sisi hatujui Kicheki. Mdogo wangu alichora nguruwe kwenye karatasi akampiga mstari. Bibi akatazama mchoro, akacheka hadi akavua miwani, akatikisa kichwa kwamba ameelewa, akaingia jikoni. Supu aliyotuletea ilikuwa ya uyoga, viazi na majani ya bizari, nzito ya maziwa, ina ukali kidogo wa siki, na juu yake yai. Nililamba kijiko.

Ijumaa, Prague

Daraja la Karl, jiwe lake la kwanza liliwekwa 1357, nendeni alfajiri au msiende. Saa tatu asubuhi ni bega kwa bega. Saa kubwa ya uwanja wa mji wa kale imekuwepo tangu 1410 na ni fundi wa ajabu aliyeipanga, inaonyesha jua, mwezi na nyota, lakini lile onyesho lake la kila saa linalokusanya umati ni jambo la dakika moja hivi: kiunzi cha mifupa kinavuta kamba, mitume wanapita dirishani, jogoo analia, kisha watu mia kadhaa wanaangaliana kuulizana kama ndiyo hiyo tu. Ndiyo hiyo tu.

Kilichonikaa ni ngazi za umeme za stesheni ya Náměstí Míru, zenye urefu wa mita 87, unashuka zaidi ya dakika mbili umesimama. Kulia wanaosimama, kushoto wanaokimbia. Wapenzi husimama wakitazamana pale: mmoja ngazi ya juu, mwingine ya chini, kimo kinakuwa sawa.

Na salamu ziliendelea siku nzima. Dukani huingii kimya, unasalimia kwanza ndipo unaagiza. Tulijaribu duka moja la mikate kuingia Kijerumani, yaani moja kwa moja kwenye bidhaa, na muuzaji akasubiri. Alisubiri hasa, mikono juu ya kaunta, hadi tukakumbuka kumsalimia. Kisha akatuhudumia kwa ukarimu. Tabasamu hana, si desturi yake, lakini anajua umeingia na anataka ujue yupo. Kwangu mimi hiyo ni bora kuliko tabasamu.

Bibi ametufungia mfuko wa uyoga mkavu. Pesa kakataa.

Jumamosi, Prague hadi Vienna

Saa nne za treni, nyingi nilizilala. Vienna ni mji uliovaa nguo za sikukuu kila siku. Majumba yamejaa sanamu zinazobeba roshani, na hata benki ina malaika juu ya paa.

Jioni tuliingia mkahawa wa zamani. Kahawa inakuja kwenye sinia dogo la fedha na glasi ya maji, na kijiko kimelazwa juu ya glasi. Magazeti yamebanwa kwenye fimbo za mbao. Mhudumu ni bwana mkubwa mwenye koti jeusi ambaye anakutazama kama umechelewa mkutano wake, lakini ukishalipia hicho kikombe kimoja meza ni yako hadi wafunge. Hakuna wa kukuletea bili usiyoiomba. Tulikaa zaidi ya saa mbili, na mzee wa meza ya pili tulimkuta na tukamwacha. Nilipenda sana kukaa kule, isipokuwa kitu kimoja: kila mtu amekaa peke yake. Barazani kwetu kahawa ni kisingizio cha mazungumzo, huku ni kisingizio cha kukaa kimya mbele za watu.

Jumapili, Vienna

Usiku wa kuamkia leo saa zimerudishwa nyuma, karibu Ulaya nzima kwa pamoja. Nimeamshwa na njaa kabla ya wakati wa kifungua kinywa cha hoteli. Sisi tunaohesabu saa kwa jua, saa moja ni jua limetoka, hatuna cha kurudisha nyuma.

Maduka yamefungwa. Katikati ya barabara tupu nilikuta kwenye nguzo ya taa mfuko wa plastiki umejaa magazeti ya leo, na pembeni kisanduku kidogo cha kutumbukizia sarafu. Mbele kidogo nguzo nyingine. Mtaa mzima. Hakuna mtu wa kuangalia. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikafanya ulinzi wa hiari. Mama mwenye mbwa akachukua gazeti, akatia sarafu, niliisikia ikilia. Kijana wa baiskeli akachukua, sikusikia kitu. Mdogo wangu akaniuliza kama tumekuja Vienna kwa ajili hiyo.

Tulikwenda kuona Karl-Marx-Hof, nyumba za manispaa zilizozinduliwa 1930: jengo moja lenye urefu wa zaidi ya kilomita, rangi ya udongo mwekundu, matao makubwa, na ndani viwanja vya miti ambako watoto wanacheza. Hadi leo karibu nusu ya watu wa Vienna wanakaa nyumba za manispaa au zenye ruzuku ya umma. Humo uani, ajabu, tulisalimiwa. Bibi wawili kwenye benchi, "Grüß Gott", tena walianza wao. Maji tulikunywa bombani barabarani, yanatoka milimani kwa mfereji uliozinduliwa 1873, baridi kiasi cha kuuma meno, na hakuna anayeyauza.

Jumatatu, Budapest

Tangu tushuke stesheni ya Keleti nimecheka. Kwenye mlango wa metro, juu ya ngazi, wamesimama wakaguzi watatu wenye utepe mkononi, na kila anayepita anaonyesha tiketi. Wanakusalimia vizuri kabisa, kisha wanakukagua. Nikamwambia mdogo wangu nimefika nyumbani.

Kwa hiyo hesabu yangu ndiyo hii, na yeye haikubali: kadiri tulivyoteremka kutoka kaskazini, salamu ziliongezeka na imani ikapungua. Yeye anasema nimeangalia miji mitano kwa jicho la mpita njia. Vienna haina mageti, na watu walisalimia, nimesahau? Sikusahau. Nilitarajia asikumbuke.

Metro namba moja ni ya 1896, ya kwanza katika bara la Ulaya nje ya Uingereza, vibehewa vya manjano vifupi, stesheni za vigae vyeupe na milango ya mbao, chini kidogo tu ya barabara. Tulishuka, tukabadilisha, tukavuka Danube, tukapanda kilima hadi kwa Gül Baba. Ni shehe wa tarika ya Kibektashi aliyekuja na jeshi la Sultan Suleiman na kufariki hapa 1541. Kaburi lake lina kuba ndogo, bustani ya waridi pande zote, na mji mzima wa makanisa umelala chini yake. Waturuki walitoka, vita vikaja vikapita, Wahungari wakalitunza. Hapo nilisoma fatiha bila kusitasita. Familia moja ya Kituruki ilikuwa ikitoka. Tukapeana salamu, mama yao akanipa lokumu mbili kwenye karatasi.

Tulipokuwa tukishuka, mvulana wa miaka kama saba alipishana na ajuza mwenye kikapu, akamwambia "Csókolom", kichwa kikiinama kidogo. Ni salamu ya watoto kwa wanawake wakubwa, nimeambiwa wanaanza kuipoteza mijini. Kisha, kwa adabu zilezile, akaniambia na mimi.

"Marahaba," nikajibu.

Jumanne, Budapest

Nimenunua pilipili ya kusaga ya hapa, mifuko mitano, ya zawadi. Uyoga wa bibi amechukua mdogo wangu, zamu yake ya usiku inaanza Alhamisi na anasema atapikia wenzake wa wodini.

Keleti tulibishana tena kuhusu imani na salamu hadi jukwaani. Yeye anakaa huku mwaka wa nne. Anasema siku alipougua jirani asiyemsalimia ndiye aliyemwachia supu mlangoni, bila kugonga. Nikamwambia kwetu angegonga, angeingia, angekaa, na supu ingepoa. "Ndiyo, Dada," akasema, "na ningepona lini?" Akapanda.

Treni yake iliondoka kwa wakati, dakika ileile iliyoandikwa, kwa hiyo bila shaka humo ndani hawakusemezana.